Mota Ndogo, Sauti Kubwa

Majina sitayataja. Enzi zile zenyewe majina yalikuwa kama nguo za kuazima: serikali ilikunyang'anya ulilobatizwa nalo, ikakuambia uchimbue la mababu, na kesho yake karani alikuwa ameshalikosea. Hata mto unaopita hapa Kisangani waliubadilishia jina. Mto haukujibu, ukaendelea kushuka kuelekea Basoko kama siku zote. Mota yangu peke yake haikubadilishiwa jina, kwa sababu haikuwa nalo. Maandishi ya ubavuni yalikuwa yamekwisha zamani kwa jua na petroli.

Ilikuwa mota ya mtumbwi ya kizamani, ya kuwashwa kwa kuvuta kamba. Mfanyabiashara mmoja mgeni aliiacha siku wageni walipoambiwa kwamba maduka yao yamekuwa ya wananchi, na mume wangu aliipata kwa kutoa baiskeli na magunia ya mpunga. Mume wangu alipofariki, ndugu zake walikuja kufanya wanachofanya ndugu wa marehemu kwetu: walilia, wakala, halafu wakabeba. Walibeba kitanda, godoro, viti, mpaka sufuria niliyowapikia. Mota waliivuta kamba mpaka jasho likawatoka. Ilikuwa imenyeshewa siku zote za matanga, haikukohoa hata kidogo. Wakaiita chuma cha kuoza, wakaniachia. Nikaifungua, nikaikausha, nikasugua buji, yaani plagi, kwa kitambaa, ikawaka.

Tangu hapo watoto wangu walikula kwa mota ile. Nilishuka nayo mpaka Barumbu na chumvi, sabuni na vitenge, nikapanda na samaki wa kukaushwa pamoja na abiria. Usukani niliushika mwenyewe. Wanaume wa bichi, yaani pale ufukweni tunapopakia, walisema mwanamke akishika mota samaki wanakimbia. Samaki niliokuwa nao walikuwa wamekaushwa, kwa hiyo hawakukimbia.

Lakini Kisangani haikosi mtu wa kukuharibia riziki huku anacheka. Mwenzangu mmoja wa bichi alinunua redio ya kanda, akaitia betri za tochi, akaifunga kwenye upinde wa mtumbwi wake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtumbwi wake ulikuwa unavuja, yeye mwenyewe alikuwa ananuka lotoko, pombe kali ya kienyeji, tangu asubuhi, na bado abiria walinipita mimi na mtumbwi wangu mkavu, wakaenda kwake kwa sababu ya rumba. Mama mmoja niliyembeba miaka mingi aliniambia bila haya, "Kwako tunafika, lakini kwake tunafika na furaha."

Nikamwendea tonton, yaani mjomba, mdogo wa mama yangu. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio kule Kabondo, chenye redio nyingi zilizofunguliwa na chache zilizofungwa tena. Umeme alikuwa amejifunza kwa vitabu vilivyotumwa kwa posta, na kwa bahati mbaya Kifaransa pia. Nilimwambia nataka muziki, na taa ya kuonea mafungu ya mchanga kukiwa na ukungu alfajiri. Betri ndogo sitaki, zinakufa katikati ya safari. Nataka batri ya lori, na nataka mota yenyewe iilishe.

Akaifungua mota kwa heshima kubwa, akiwa amevaa miwani isiyo na mkono mmoja. Chini ya lile gurudumu la juu, linalozunguka na sumaku zake, palikuwa na waya wa shaba uliozungushwa kwenye chuma. Yeye aliuita bobini. Ncha zake mbili zilikuwa zimetolewa nje na kufungwa kwa mpira, hazikuwahi kutumika. Waliotengeneza mota ile walikusudia iwashe taa moja tu: ukikimbia taa inang'aa, ukipunguza inafifia, ukisimama inazimika.

"Hii courant iko inaenda na kurudia," tonton alinifundisha. "Inaenda, inarudia, sawa mutu mwenye kusahau funguo kwa nyumba. Batteri haikubali vile. Batteri inataka courant yenye kwenda upande moja tu. Donc, tuko na lazima ya diodes."

Diodi ni vidude vidogo vinavyouruhusu umeme kupita upande mmoja na kuukataza kurudi. Tonton alizing'oa kwenye altaneta ya lori lililokuwa limekufa nyuma ya soko. Kwa kuwa zinapata joto, alizifunga kwenye kifuniko cha sufuria ambacho mashemeji walikisahau. Akanyofoa waya wa feni mbovu, akazungusha bobini ya pili ili umeme uwe mwingi zaidi. Kazi yote hiyo aliifanya huku akieleza, na kila mpita njia alisimama kusikiliza, kwa hiyo ilichukua muda mrefu kuliko ujenzi wa daraja.

Mara ya kwanza aliunganisha nyaya kinyume, tukapata moshi. Mara ya pili ziliungana sawasawa, na mota ilipokimbia batri ilikula mpaka ikachemka kama chungu cha pondu, ile mboga ya majani ya muhogo. Tindikali ikaruka, ikamtobolea kitenge mama mmoja wa Barumbu, akashuka na nguo kama chujio akiniita ndoki, mchawi, mbele ya watu wote. Mara ya tatu tonton aliongeza taa kubwa ya lori, kazi yake ikiwa kuula ule umeme uliozidi. Basi mtumbwi wangu ukawa wa kwanza mtoni kuwasha taa mchana kweupe. Watu walidhani ni maringo. Nikawaacha wadhani.

Lakini ukweli wa mota ile niliujua mimi niliyeishi nayo. Batri ilishiba mota ikikimbia. Ikienda polepole, ilipata makombo. Ikisimama, ilikula akiba yake, na akiba haikuwa ya kumaliza kanda mbili.

Tonton akaniwekea redio ya kanda kutoka kibandani kwake, na abiria wakarudi. Yule mwenzangu wa bichi alisema nimetumia dawa, akahama akaenda kupakia juu zaidi. Nilinunua tena godoro. Kuku wa maskini, wazee walisema, hatagi, akitaga haangui, na akiangua kifaranga huchukuliwa na mwewe. Mwewe wangu alikuja amevaa koti lililofungwa vifungo mpaka kooni, kwa maana tai ya shingoni ilikuwa imekatazwa. Alikuwa komisa wa zone yetu, mkubwa wa Chama na wa serikali pia, kwa sababu wakati ule vyote viwili vilikuwa kitu kimoja.

"Citoyenne," alisema, maana sote tulilazimishwa kuitana wananchi, "tulisikia moteur yako inaimba."

"Inaimba kidogo tu, Citoyen Commissaire."

"Sasa itaimba sana. Parti iko na lazima nayo."

Jirani yetu mmoja alikuwa ameombwa gari lake kwa gwaride la asubuhi moja. Baadaye watoto wake walikuwa wakilitambua kwa honi tu, likipita na watu wengine ndani. Nesi wa mtaa aliombwa friji kwa ajili ya mapokezi ya mgeni. Mgeni alikuja, akanywa, akaondoka, na friji nayo ikaondoka.

Komisa alieleza. Sikukuu ya Chama ilikuwa inakaribia, na mwaka huo yeye alitaka kuwapelekea raia wa kando ya mto hotuba ya Guide, Mwongozi wetu, yaani rais, ikiwa kwenye kanda, kwa kipaza sauti, juu ya maji. Hakuna komisa mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Angetajwa mbele ya wakubwa.

Nilimwomba jambo moja: nishike usukani mwenyewe, na siku ikiisha mota irudi nyumbani kwangu. Alikubali haraka mno, nikazidi kuogopa. Lakini hesabu yangu ilikuwa rahisi. Mambo yakiharibika mbele ya watu, nitaitwa mhujumu, mota itachukuliwa na mimi pia huenda nitachukuliwa. Yakienda vizuri nitapewa mkono, niachwe na mota yangu.

Tonton ndiye aliyepaswa kumweleza habari ya batri. Alianza vizuri kabisa.

"Citoyen Commissaire, iko kitu moja. Moteur isisimame. Kipaza sauti iko inakula sana, batteri pekee haitaweza..."

"Citoyen Ingénieur," komisa alimkata, akamwekea mkono begani, "Guide iko na imani na weye."

Ingénieur, yaani mhandisi! Tonton, ambaye mpaka jana yake watu walimwita papa redio, alivimba pale pale. Akasahau alichokuwa anasema, akajibu, "Bon, hakuna problème." Nilimfinya mkono, nikamfinya tena. Alikuwa ameshaondoka duniani.

Siku yenyewe walifunga mitumbwi miwili sambamba, wa kwangu na wa mtu mwingine, wakatandika mbao juu ili wacheza animation, ile ngoma ya kuusifu Chama, wapate mahali pa kurusha viuno. Walikuwa kundi la wanawake na wanaume wenye vitenge vya sura ya Guide, sura mbele na sura nyuma, hata ukikaa unamkalia. Katikati waliweka mashine ya kanda, na ile ya kukuza sauti, iliyoinyonya batri kama kupe anavyomnyonya mbwa. Tarumbeta la kipaza sauti likaelekezwa ufukweni. Mota yangu, iliyozoea mtumbwi mmoja na samaki, ikavuta jukwaa zima. Tulikwenda mwendo wa bata. Taa ya lori ilikuwa imezimika yenyewe, nami nikajua kwamba hakuna umeme wa kuzidi, na huenda hata wa kutosha haupo.

Ufukwe ulikuwa umejaa. Shule zilikuwa zimeletwa, soko lilikuwa limefungwa, na askari walitembea nyuma ya mistari wakihakikisha kwamba watu wana furaha. Komisa akainua mkono. Tonton, Citoyen Ingénieur, akabonyeza kanda.

Ikaanza na wimbo wa taifa.

Mtu ambaye hakuishi wakati ule hawezi kuelewa. Wimbo ule ukipigwa, kila kitu kilisimama: baiskeli, mkokoteni, mama mwenye beseni kichwani. Niliwahi kumwona mtu amesimama mguu mmoja ndani ya matope, hathubutu kuuchomoa. Kiboko cha askari hakikuuliza sababu. Na mota, je? Mota inaweza kuendelea kubwatabwata huku wimbo unapigwa? Komisa aligeuka, uso umempauka, akanionyesha kwa kidole kooni mwake: zima!

Nikamtazama tonton. Tonton akatazama mbele, kifua nje, kama sanamu ya posta. Nikazima.

Tulisimama sote wima juu ya mbao, mikono ubavuni, na mto ukatubeba. Ulitubeba polepole kuelekea chini, katikati ya yale majani yanayoelea tunayoyaita kongo ya sika, ambayo hayakuwa na habari kwamba wakati ule hakuna ruhusa ya kutembea. Ufukweni nako walikuwa wamesimama wima, hawakuweza kutufuata. Wakawa wanapungua, wanapungua, mistari yote ya shule ikawa michirizi myeupe na ya buluu.

Wimbo uliisha, na bila nafasi hata ya kumeza mate hotuba ikaanza. Tulitarajia komisa aseme pumzika. Hakusema. Ni nani atakayewaambia watu wapumzike wakati Guide anasema? Basi tukaendelea kusimama.

Ndipo batri ikaanza kuchoka, na kanda ikaanza kuzunguka kivivu. Sauti ya Guide ikashuka. Kwanza ikawa ya mtu aliyeshiba. Halafu ikawa ya mtu aliyelewa. Halafu ikawa ya kiboko wa mtoni mwenye mafua, na kila neno likawa refu kama Jumapili ya mvua. Mcheza mmoja karibu yangu aling'ata ncha ya kitenge chake, machozi yakamtiririka, na mpaka leo natumaini yalikuwa ya kicheko.

Komisa alinong'ona bila kutikisa midomo.

"Washa moteur!"

"Katikati ya discours?" nilimnong'oneza. "Itaunguruma juu ya sauti ya Guide."

"Basi, muzime magnétophone!"

"Nani?" akauliza tonton.

"Weye, Ingénieur!"

"Miye nizime Guide? Miye? Hapana, miye niko mutengenezaji wa redio tu. Zima weye, Citoyen Commissaire. Weye njo mukubwa."

Nikaona mkono wa komisa unatoka ubavuni, unafika nusu ya njia, halafu unarudi mahali pake kama mtoto aliyeitwa na mama. Mbele yake walikuwa wamesimama wacheza kwa wingi wao, kila mmoja na macho mawili na mdomo mmoja. Kesho yake nani asingejua kwamba ni yeye aliyeukata ulimi wa Guide? Hakuna aliyejisogeza. Kamba ya mota ilikuwa karibu na kiganja changu, mvuto mmoja tu ungeiponya ile sauti, na mimi nilisimama pale nikiisikiliza ikifa. Nilikuwa naogopa. Na ndani ya hofu, Mungu anisamehe, palikuwa na raha.

Ilikufa katikati ya neno. Ikanguruma, ikavuta, ikawa pumzi, ikanyamaza. Tukabaki na maji yanayogonga mbao.

Komisa akapiga kelele ya salamu ya Chama, sote tukaitika, na wacheza wakacheza bila muziki mpaka jukwaa likakwama kwenye fungu la mchanga. Hapo ndipo alipotukusanya.

"Bon. Leo, kuko mutu alisikia kitu ya mubaya?"

"Miye nilisikia discours muzuri sana," tonton alisema haraka. "Muzuri, na ya polepole, juu ya watu waelewe."

Wote walikubali kwamba ilikuwa ya polepole juu ya watu waelewe. Komisa alikuwa akitetemeka mashavu. Niliwasha mota, tukarudi bichi, na nilipoifungua na kuibeba begani kwenda nyumbani hakuna aliyenizuia. Alinitazama mimi na mota kama mtu anayetazama chakula kilichomtapisha. Nilishangilia moyoni. Nilijua hatataka kuiona tena maisha yake yote. Niliwanunulia watoto kwanga, mkate wa muhogo, na samaki wabichi, tukala mpaka tukalala na vidole vina mafuta.

Ubaya ni kwamba watu wa ufukweni hawakuwa wamekubaliana nasi. Wao walikuwa wameona jukwaa limejaa watu wima kama nguzo, likitembea lenyewe juu ya maji, bila mota, bila kasia, na ndani yake sauti inayozidi kuwa nzito mpaka inaingia chini ya mto. Wazee wa ng'ambo walisema ile haikuwa sauti ya mtu hai, ni mababu walikuwa wanamjibu Guide kutoka majini. Wengine walisema mawe ya Wagenia, kule kwenye maporomoko, yalitetemeka. Habari zikapanda mpaka kwa wakubwa wa mkoa, na wakubwa wa mkoa wakamwita komisa. Alikwenda, nilisikia, akiwa ameaga familia yake. Alirudi amepongezwa.

Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka na kuzoa taka, tulikusanywa uwanjani tukiwa bado na majembe. Komisa alipanda juu ya meza. Mashavu hayakutetemeka tena.

"Ile siku, kwa heshima, moteur ilizimwa! Na maji yenyewe ilibeba sauti ya Guide!"

Makofi.

"Kwa hiyo ile bateau itakuwa bateau ya Parti, kila sikukuu, mpaka Isangi! Na hii citoyenne, kwa roho yake yote, anatoa moteur yake!"

Makofi zaidi. Watu waligeuka kunitazama, wakatabasamu kwa huruma. Roho yangu yote ilikuwa pale imeshika jembe, haijatoa kitu. Nilifumbua mdomo. Mama aliyesimama nyuma yangu akanigusa mgongo kwa mpini, taratibu, nikaufumba.

Walikuja kuichukua Jumatatu, na wacheza animation walewale, na ngoma. Zawadi ya Chama haikuondoka nyumbani kimyakimya, ilitolewa kwa kuchezwa, na mwenye kutoa alitangulia mbele akicheza. Vijana wanne wa Chama waliibeba mota kwenye machela ya kitenge, sura ya Guide imefunika gurudumu. Tonton alifuata amekumbatia batri, kwa kuwa wakubwa walikuwa wamempa kazi ya Ingénieur wa kudumu wa bateau, lile jukwaa la mitumbwi. Aliinamisha kichwa alipopita mbele yangu. Sijui kama ilikuwa aibu au uzito wa batri. Watoto wangu walikuwa mlangoni, mdogo anauliza mama yake anafurahia nini.

Nikacheza. Nilikuwa na hasira ya kutafuna chuma, na nikacheza vizuri, kwa sababu aliyecheza vibaya alionekana. Nilizungusha kiuno kutoka mlangoni kwangu mpaka ofisi ya zone, nikiimba asante kwa mtu aliyekuwa anakula sahani ya watoto wangu. Walipoitua mota chini ya bendera, komisa alinisogelea akipiga makofi, akajifuta jasho, akamwambia kiongozi wa wacheza kwamba citoyenne huyu ana kipaji, aandikwe, awe anakuja mazoezini kila mchana.

Nikawa naenda. Nafasi nilikuwa nayo.